Dhahabu ya Sakafuni

Uvumi ule ulimganda mama fundi cherehani kama uzi kwenye sketi: eti nyumba za mtaa wa wachimbaji zilijengwa kwa udongo wa mgodi, na chini ya sakafu kumelala dhahabu. Akishona, anausikia. Akilala, anausikia. Kampuni ilikuja, ikala mlima mzima, ikaondoka ikiacha shimo la maji ya kijani na wajane wa kikohozi. Nani angeapa kwamba haikusahau makombo?

Msambazaji wa uvumi alikuwa bwana mmoja wa viatu vya kung'aa, akijiita Mtaalamu. Aliutazama mtaa wenye njaa na hati za nyumba, akaona shamba limeiva. Jirani alishampa hati yake, dhamana ya mashine ya kusafishia dhahabu, kisha akavunja sakafu mwenyewe. Ukuta ukaanguka. Sasa analala chini ya turubai, na mashine bado iko njiani.

"Shemeji," Mtaalamu alisema, amechutama mbele ya karai la maji, "ardhi haidanganyi. Lete udongo."

Akazungusha, akachovya vidole. Chenga zikametameta.

"Mungu wangu!"

"Sasa hati, shemeji."

Nyumba ile marehemu mumewe aliilipia kwa mapafu yake. Hofu ikamshika mama mkono. "Ngoja kwanza. Pima na chumba cha watoto."

Nacho kikatoa dhahabu. Mara ya tatu mama alichoka kugonga saruji. Akapitia uani, akachota mchanga wa plasta ulioletwa jana na lori kutoka mtoni.

Nao ukatoa dhahabu!

Mama akautazama ukucha mrefu wa kidole kidogo cha Mtaalamu, jinsi ulivyozama kwanza kwenye kiberiti mfukoni, ndipo ukaingia majini.

"Kaka, mimi mwoga. Pima na jikoni."

Akapima.

"Na kizingitini. Na hapa chini ya cherehani."

Kila chenga mama aliikung'utia kwenye kikombe chake. Mtaalamu jasho lilimtoka, lakini mtega panya atamkemea vipi panya kwa kula chambo? Mwishowe kiberiti kikabaki kitupu.

"Shemeji, leo ardhi imechoka."

"Pole yake. Hata mimi hati sijui nimeiweka wapi."

"Basi nipe kikombe, nikapime maabara."

"Kwani hii imetoka wapi, kaka?"

Mtaalamu akapapasa kiberiti kitupu mfukoni. "Sakafuni kwako."

"Basi ni yangu. Rudishia mlango, vumbi linachafua vitambaa vya watu."

Mtaalamu aliuhama mji siku hiyohiyo. Kikombe kilimnunulia jirani mabati na saruji. Hati ya jirani haikuonekana tena. Kiwanja chake sasa kina mwenyewe mwingine, na wapimaji wa ardhi wanakuja kukipima.

Basi, ya kuepuka ni haya:

Mtu anayekuita shemeji na hakumjua mumeo.
Mashine ambayo hujaiona kwa macho.
Kumshikisha mgeni hati ya nyumba, hata kwa kuitazama tu.
Kuvunja sakafu unayolalia.
Kuona aibu kusema "pima tena".
Kumcheka jirani.