Kirsty na Arobaini Bora

Jumatatu, 3 Oktoba 2005

Mavis Oldroyd, funga mdomo wako. Mwanamke anayeimba kanisani kama mlango usiotiwa mafuta hana haki ya kusema mjukuu wangu anapiga ngoma kama mtu anayebingirisha mapipa ya taka ngazini. Umesema pale kituo cha basi, mbele ya watu. Nimesikia. Naandika hapa nisisahau, ingawa sijawahi kusahau kitu.

Leo albamu ya Kirsty imeingia madukani. Ya kwanza! Bendi inaitwa Mapazia ya Jirani. Vijana wanne wa hapa hapa mjini Barnsley, suruali zimewabana kama soseji, makoti ya marehemu kutoka duka la mitumba la hisani. Magitaa yanakwaruza. Mwimbaji anafoka kama aliyepunjwa chenji. Lakini ngoma ni Kirsty, na Kirsty ni damu yangu.

Shida ni hii. Kampuni ya London imesema albamu isipoingia arobaini bora, ile orodha ya zinazouzwa zaidi nchini inayotangazwa Jumapili, mkataba basi. Kirsty arudi kiwanda cha pai kubandika vifuniko. Mimi nilikibandikia vifuniko miaka thelathini na moja. Inatosha kwa ukoo mzima.

Nina mpango.

Jumanne, 4 Oktoba

Chai ya akina mama wa kanisa. Nikasimama kabla ya keki, maana baada ya keki hawasikii. Nikawaambia kila mmoja aende duka la muziki la mtaa mkuu akanunue santuri moja ya Kirsty. Winnie akauliza kama ni nyimbo za dini. Nikasema kwa namna fulani. Si uongo, mmoja unataja Jumapili. Nikawaamuru walete risiti nizione. Nawajua. Wataapa wamenunua, kumbe walipitia chipsi.

Jumatano, 5 Oktoba

Risiti kumi na nne! Hata Mavis. Kaitupa yake mezani, kasema amenunua kwa huruma. Nimezikagua moja moja kwa miwani, nikamrudishia kila mtu yake. Mwenye akili Barnsley hii ni mmoja, na ndiye anayeandika.

Ijumaa, 7 Oktoba

Balaa. Mavis ameisikiliza santuri kwa binti yake. Wimbo wa tatu ni wa bibi kizee anayechungulia mtaa mzima nyuma ya pazia na kuandika namba za magari ya wageni. Mavis kasema ni yeye huyo, kadhalilishwa, na kanisa zima limedhalilishwa pia. Amepita nyumba kwa nyumba kuwaambia warudishe santuri wachukue pesa zao.

Nikampigia Kirsty anipe la kumjibu. Yeye akasema, "Bibi, huyo si Mavis. Ni wewe."

Mimi! Mimi sichungulii. Naangalia hali ya hewa. Namba za magari ni kwa ajili ya usalama.

Jumamosi, 8 Oktoba

Nimeiona mikoba ya akina mama wa kanisa ikipita kuelekea kituo cha basi. Nikatoka na ndara miguuni, basi likaniacha. Nikapanda la pili kwa kadi yangu ya wazee, ambayo haitoki mfukoni.

Nikawakuta dukani wamepanga foleni. Foleni safi, kama ya posta. Watu wetu hata uovu wanaupangia foleni. Ningefanyaje? Siku nitakayoruka foleni nizikwe. Nikasimama nyuma kabisa, nikaanza kuwakemea kutoka kule. Winnie akageuka.

"Doreen, shoga, subiri zamu yako kama wenzio."

Nikasubiri. Dakika ishirini na tano! Duka linapokea kitu ambacho hakijafunguliwa ukiwa na risiti, na zao zote zilikuwa na plastiki yake, maana nani kati yetu ana mashine ya kuchezea? Ya Mavis tu ndiyo ilikataliwa. Akatoka nayo kwapani kama kuku aliyekufa.

Zamu yangu ikafika. Muuzaji, kijana mwenye pete mdomoni, akanieleza kwa upole kwamba zinazorudishwa hupunguzwa kwenye hesabu ya wiki. Nikasema basi nazitaka zote kumi na tatu mimi mwenyewe. Mkoba uko nyumbani! Niliporudi nao wameshafunga. Nimegonga kioo mpaka askari akaniuliza jina.

Jumapili, 9 Oktoba

Kirsty kaja kula. Nyama ya kuoka, viazi, mchuzi. Simu ya London ikaita kabla ya pudini. Arobaini na moja. Wamekosa kwa santuri tisa.

"Tisa, Bibi," akasema, akiangalia sahani. "Mji mzima huu, tumekosa watu tisa."

Nikamwongezea mchuzi.

Kampuni imewapa nafasi ya mwisho. Wimbo mmoja utatoka peke yake mwezi ujao. Redio ikiupiga, wanabaki. Isipoupiga, pai. Nikauliza ni wimbo gani. Wa tatu. Nikamwambia ni mzuri sana, ila yule bibi angepewa mashairi mengi zaidi.

Jumatatu, 10 Oktoba

Kosa lilikuwa la Mavis. Hilo limekwisha, silirudii. Mpango wangu haukuwa na kasoro, na huu mpya ni mzuri kuliko ule.

Basi nitakayowatangazia kesho kwenye chai ni haya. Wimbo ukitoka tu, saa nne asubuhi wote jikoni kwangu, kila mtu na kikombe chake. Tutapiga redioni kuuomba, mmoja baada ya mwingine, kwa simu yangu hiyo hiyo, na kila mmoja aseme ana miaka kumi na tisa. Mavis aanze, ana sauti nyembamba. Na mtu yeyote asimwite mtangazaji "mwanangu".