Kulungu wa Katoni

Jumatatu, 12 Desemba 2016
Wazo limenijia nikimpiga picha ya pasipoti mzee aliyekataa kufumbua macho. Filamu ya katuni! Ya Krismasi! Kulungu wa theluji anayetengwa na wenzake. Sijawahi kumwona kulungu wa theluji, lakini hapa Mwandiga nani atanisahihisha? Padri Leonardi kanipa ukumbi wa parokia, tarehe 24 alasiri, baada ya kumhakikishia kwamba filamu iko karibu kwisha. (Haijaanza.) Feliksi wa kibanda cha video kasikia. Kacheka mpaka kakaa chini. Kasema saa hiyohiyo yeye ataonyesha filamu ya ngumi. Vita!

Jumatano, 14 Desemba
Nimechora kulungu. Dada yangu Rozalia kauliza kwa nini mbwa kabeba kuni kichwani. Basi nikashuka Bangwe kwa Aurore, anayechora vichwa vya akina mama kwenye kuta za saluni. Alivuka ziwa mwaka jana, kutoka Burundi, anakaa kwa mama yake mdogo, Ininahazwe. Binti mkimya. Ukimsalimu anaitikia kwa kichwa. Kamkata kulungu kwenye katoni ya sabuni. Mzuri mno! Ila mguu mmoja mfupi, katoni ilimwishia. Nikamwambia akate mwingine. Kakataa.
"Huyu ndiye mwenyewe, kaka Bona."
Haya. Kulungu kilema. Nitasema nilipanga.

Ijumaa, 16 Desemba
Kazi imeanza. Unasogeza mguu kidogo, unapiga picha kwa simu. Unasogeza, unapiga. Asubuhi nzima kulungu hajavuka meza. Theluji ni unga wa muhogo wa dada Rozalia. Nikapiga chafya, theluji yote ikaruka! Tukamwaga mwingine. Wakaja kuku, wakala mlima mzima. Dada kauliza unga wake uko wapi. Nikamjibu uko kwenye filamu. Leo sikupewa chakula.

Jumapili, 18 Desemba
Siku ya sauti. Kulungu wote ni mimi. Aurore kaomba kumsemea kilema. Alianza vizuri, kisha Kirundi kikaingia. Nikamkatiza, nikasema filamu inataka Kiswahili kilichonyooka. Akaikunja kanga yake iliyokuwa anga letu, akaondoka nayo. Kilema nikamsemea mwenyewe. Nimejisikiliza. Mpiga debe wa stendi!

Jumanne, 20 Desemba
Bangwe tena, na migebuka mkononi ya kuombea msamaha. Mama Ininahazwe kapokea samaki, kanikalisha, kasema polepole kwamba tangu wafike, Aurore hajaongea na mtu kama alivyoongea na ile katoni. Anamsimulia kulungu njia waliyopita. Anamwambia majina ya waliobaki. Nimeanza kuwaparua wale samaki. Mimi! Aurore katoka na sharti: kilema aseme lugha ya kwao, na wenzake wamwitikie. Nimekubali. (Nitabadilisha kimyakimya.) Tumerekodi palepale, na sauti ya mawimbi ya ziwa imeingia.

Ijumaa, 23 Desemba
Nilikuwa nabadilisha kimyakimya. Nimebonyeza kitufe sicho! Sauti yangu ya kilema imefutika yote, imebaki ya Aurore. Nimelia kidogo. Halafu nimegundua filamu ni ya dakika nne. Padri nilimwahidi ya saa mbili.

Jumamosi, 24 Desemba
Ukumbi umejaa! Waha wa hapa Mwandiga, Warundi waliopanda kutoka Bangwe, watoto mpaka madirishani. Projekta ya parokia ikawaka. Anga likatikisika, watu wakacheka, nikaanza kutafuta mlango. Mara kilema akalifikia kundi geni, akasimama kwenye unga, akatoa salamu ya amani ya Kirundi kwa sauti ya Aurore, "Amahoro."
Kwenye filamu niliitikia mimi, kwa niaba ya kulungu wote. Hakuna aliyenisikia. Ukumbi mzima ulishaitikia: "Amahoro!" Waha nao! Bibi mmoja alisimama kabisa, kama mgeni kaingia mlangoni kwake.
Wakataka irudiwe. Ikarudiwa, na tena, na tena. Feliksi nikamwona nyuma, maana kibandani kwake hapakuwa na mtu. Kafuta jicho, kasingizia vumbi. Aurore kacheka. Kwa sauti! Mama Ininahazwe kageuka kumtazama, kashika mdomo. Watoto wakamzunguka binti wakimwuliza kilema katokea wapi. Akawaeleza kwa Kiswahili, kwa Kirundi, kwa mikono, hakunyamaza mpaka ukumbi unafungwa. Padri kamwomba awafundishe kuchora kila Jumamosi. Kakubali kabla hajamaliza kuombwa.

Jumapili, 25 Desemba
Krismasi. Nimetafakari wakati wa mahubiri. Siri ya ushindi iko wazi: maandalizi yangu. Kwa hiyo Pasaka tunatoa filamu ya nyangumi anayehamia Ziwa Tanganyika. Ya urefu wa saa tatu kamili. Nimeshatangaza nje ya kanisa, watu wamepiga makofi. Aurore kauliza kama nimewahi kumwona nyangumi. Nikamweleza kwamba ni samaki wetu sangala tu, ila kanenepa. Kanitazama sana, kisha kauliza kama atafute katoni kubwa.
Katoni! Huyu binti bado anawaza madogo. Nimeshaongea na mwenye mtumbwi, ndio utakuwa nyangumi.