Kona za Kushoto

Jumatatu, 9 Juni 2025
Habari njema: Jumamosi Joyeuse, mdogo wa mke wangu, anaolewa Kasenyi, na ni pikapu yangu itakayomteremsha kule ziwani. Nimemwapia mama mkwe. Habari mbaya: krrr, krrr, kama mtu anasaga mawe chini ya miguu yangu. Imeanza karibu na soko la hapa Bunia. Nikazima redio. Krrr. Nikawasha redio kwa nguvu. Afadhali kidogo.

Jumanne, 10 Juni
Balaa! Donatien, shoferi mwenzangu anayeitamani kazi ya harusi hii, amenipita njiani, akateremsha kioo na kutangaza mbele ya watu kwamba roulement, ile beringi ya gurudumu la mbele kuume, imekufa. Amesikia kwa sekunde mbili tu! Nikamjibu kwamba nilikuwa shoferi kabla yeye hajajua kuvaa viatu. Tumesoma darasa moja, lakini watu hawakujua.

Jumatano, 11 Juni
Nimefanya uchunguzi mwenyewe, nikiendesha, kichwa nje ya dirisha. Nikakanyaga ambreyage, yaani klachi: krrr ileile. Basi si vitesi, gia ni nzima. Nikagusa freni: haibadiliki. Nikakata kona kuume: kimya, kama kanisani. Nikakata kushoto, uzito ukaegemea kuume: KRRR! Kwa hiyo ni gurudumu la mbele kuume. Yaani Donatien amesema kweli.
Haiwezekani. Nimeamua ni vumbi.

Ijumaa, 13 Juni
Émilienne, mke wangu, anauliza kwa nini siku hizi nazunguka mtaa mzima kufika sokoni. Sikumwambia kwamba nimetafuta njia isiyo na kona hata moja ya kushoto. Anasema nipeleke gari garaji. Garaji! Donatien anashinda pale. Aione pikapu yangu imeinuliwa bila gurudumu? Heri kufa.
Mpango wa kesho: watu wote wakae upande wa kushoto.
Saa kumi na moja. Mama mkwe Bénédicte ametuma neno. Atakaa mbele, kando yangu. Yaani kuume. Na mwili wake ni wa heshima. Nani atamwambia mama mkwe ahame?

Jumamosi, 14 Juni
Tumetoka Bunia asubuhi, mama mkwe kando yangu, bibi harusi nyuma na wanawake.
Mpaka Bogoro, salama. Wanawake wanaimba nyuma, krrr haisikiki. Kisha muteremuko ukaanza: mlima kushoto, shimo kuume. Usukani ukaanza kucheza. Harufu ya chuma kuungua. Nyuma wakaacha kuimba.
“Mukwe, nini iko inalia hivi?” mama mkwe akauliza.
“Ni mlima tu, mama.”
“Mlima hauna moshi. Simamisha!”
Nilitaka kusimama. Lakini nyuma yetu alikuwa Donatien, amebeba masanduku ya bibi harusi. Nikajiambia: kona moja tu. Ilikuwa ya kushoto.
Gari likainama upande wa shimo. Kwenye kioo nikamwona Joyeuse ameshika shela kwa mikono miwili, mdomo wazi. Hapo nikasahau Donatien. Nikavuta usukani wote, nikaegemeza pikapu kwenye ukuta wa mlima, ikakwaruza, ikakwaruza, ikasimama. Gurudumu halikusimama. Lilishuka peke yake bondeni. Tulilisikia likigonga mawe, muda mrefu.
Hakuna aliyeumia. Mama mkwe alitelemka, akatazama shimo, akaketi chini na rozari yake. Hakunitukana. Ni vibaya sana asipotukana.
Donatien hakucheka. Alipandisha bibi harusi kwenye gari lake, akanishika bega: “Pole, ndugu.” Hilo sitamsamehe.

Jumatano, 18 Juni
Roulement mpya! Gurudumu jipya! Kimya kitupu! Fundi Théodore anasema bomba la freni limeumia, gari lisitoke mpaka apate lingine. Alipokwenda kula nikalitoa gari, nikachunguza mwenyewe nikiendesha. Kweli, freni inazama mpaka chini. Lakini ukiikanyaga mara tatu upesi, inashika kidogo.
Donatien amejitolea kuteremka kesho kumchukua mama mkwe, aliyebaki kule Kasenyi tangu harusi. Nikamtangulia. Nimempigia mama simu kwamba mukwe wake anakuja mwenyewe. Émilienne amelia. Nikamtuliza. Kutoka Kasenyi mpaka Bunia ni kupanda tu. Freni ya kazi gani?