Nilivyowasema Wageni Barazani Sagalla

Jumatatu, 14 Oktoba 2024. Miezi mitano na siku tatu tangu nitoke Same.

Nimeamka, nimejinyoosha, nimelala tena. Siku ya Nyerere! Nyumbani leo hakuna anayeshika sururu. Saa mbili Musyimi, kibarua mwenzangu, akagonga mlango wa kibanda. Akauliza kama nimekufa au nimeoa. Nikamjibu kwa usingizi kwamba leo ni sikukuu. Akauliza sikukuu gani.

Usingizi ukaniisha wote.

Maana hapa Sagalla mimi ni Mpare wa Taveta, Mkenya kamili. Taveta Wapare wapo, hilo si uongo. Uongo ni mimi. Nilivuka mpaka kwa njia ya mashambani, nyuma ya ng'ombe wa watu, bila karatasi hata ya kufungia sukari. Nikasema ni sikukuu ya ukoo wetu. Musyimi akasema kwao Kitui ukoo wa namna hiyo huitwa wavivu.

Tumebeba mawe hadi jioni. Tunamjengea Sajenti Festus tangi la maji ya mvua. Ni mwanajeshi mstaafu. Mguu wa kushoto, chini ya goti, aliuacha Somalia kwa bomu la barabarani. Wa bandia anao, lakini unateleza kwenye mawe ya mlima huu. Ameanguka mara mbili mbele ya watu. Basi ameutundika ukutani kama gitaa, anashinda ndani. Mkewe, Mama Wakesho, ndiye anayepanda mlima na mitungi ya maji. Tangi lisipokwisha kabla ya mvua ya Novemba, atapanda nayo mwaka mwingine.

Nawashukuru sana watu hawa. Walinipa kazi bila maswali. Sahani yangu ya ugali ni kubwa kuliko ya Musyimi. Anaipima kwa macho kila siku.

Jumanne, 15 Oktoba.

Chifu ameitisha baraza Alhamisi. Ajenda: wageni wasio na vibali. Musyimi aliponiambia neno vibali alilitafuna polepole.

Nina mpango! Anayewasema wageni kwa sauti kubwa kuliko wote, nani atamshuku? Nitasimama wa kwanza.

Mpango wa pili ni wa shukrani. Sajenti alipolala mchana niliutungua mguu wake ukutani, nikaupigilia soli ya tairi la lori. Same nilikuwa fundi wa viatu vya tairi, mpaka wateja walipoanza kuvirudisha.

Jumatano, 16 Oktoba.

Sajenti ameona. Kanguruma. Kauliza nani alinipa amri ya kuuvisha mguu wake kiatu. Akauvaa ili anionyeshe ujinga wangu.

Haukuteleza! Ila soli ni nene, akaegemea upande kama ukuta wa Musyimi. Nikapigilia nyingine kwenye kiatu cha kulia. Sasa amesimama wima, na kwa mara ya kwanza anamzidi mkewe urefu. Mama Wakesho akasema yeye hakuolewa na mtu mrefu, huyu ametoka wapi. Chakula cha jioni: nyama. Musyimi amepata mchuzi.

Alhamisi, 17 Oktoba.

Baraza. Nilisimama wa kwanza. Nikasema wageni wanakula kazi zetu. Nikasema sajenti wetu alitoa mguu kulinda mipaka, halafu watu wanapenya njia za panya kama kwao! "Sisi Wakenya" nilisema mara saba. Makofi! Nikanogewa. Nikadai kila mgeni aandikwe kitabuni, nyumba kwa nyumba.

Hapo nikamwona Sajenti nyuma ya watu. Wima. Kateremka mlima peke yake kwa soli zangu.

Chifu akamwomba shujaa aseme neno. Akasema gari lao lilipolipuka, aliyemvuta kutoka motoni alikuwa askari wa Uganda, na hakumuuliza kitambulisho kwanza. Akasema sheria ni sheria, mgeni na aandikwe, ila asaidiwe kupata karatasi. Akasema mnaotaka kuwasema wageni, semeni kwa midomo yenu. Msiseme kwa mguu wangu.

Nilitazama viatu vyangu.

Chifu akafurahia hotuba zote mbili. Akaniteua mimi karani wa kitabu. Musyimi alipiga makofi kuliko wote.

Jumamosi, 19 Oktoba.

Nyumba kumi na moja. Wageni: hakuna. Bibi mmoja aliuliza kama mkwe wake wa Mombasa anahesabika. Nikamwambia asubiri.

Nyumba ya mwisho, ya Sajenti. Ameketi mlangoni. Akaniamuru niandike. Festus. Tryphena, ndilo jina la Mama Wakesho. Mfanyakazi anayelala hapa, mmoja. Uraia?

Kalamu yangu ikakauka. Nikaitikisa. Akanipa yake.

Mama Wakesho akasema kutoka jikoni kwamba amejua tangu Mei, maana hajawahi kuona Mkenya akiomba maji ya kunywa kama anaomba mchumba. Musyimi, toka kwenye tangi, akasema yeye alijua Jumatatu, alitafuta sikukuu yangu kwenye simu. Nikamuuliza mbona hakunisema. Akajibu: na mawe makubwa abebe nani?

Nikaandika. Eliamini, Mtanzania. Mgeni wa kwanza kitabuni, na wa pekee.

Sajenti ameshaongea na chifu. Niende kwetu, nichukue hati ya kusafiria, nirudi kwa lango la mpaka kama mtu. Kibali cha kazi atanisimamia yeye. Badala ya asante nimebeba mtungi wa maji.

Jumapili, 20 Oktoba. Sikukuu yao ya Mashujaa.

Sajenti alisimama uwanjani mwanzo hadi mwisho. Mama Wakesho alimshika mkono, ingawa hakuhitaji kushikwa. Wimbo wa taifa ulipoanza, mimi nikaanza wa kwetu. Musyimi akanikanyaga.

Jumanne, 22 Oktoba.

Sajenti amenisindikiza mpaka lango la Taveta. Nilipogeuka niliona nyayo zake vumbini. Kama lori limepita. Mungu ambariki.

Sasa niko Holili, ng'ambo, nangoja gari la Same. Nimekutana na jirani yetu. Anasema Alhamisi kijijini kuna mkutano: Wakenya wanaingia bila karatasi kununua tangawizi yetu.

Bila karatasi! Haya hayavumiliki. Lazima mtu asimame, na mwenye uzoefu ni mimi. Nitasimama wa kwanza. Nikimaliza nachukua hati yangu, na Jumatatu tarehe 28, jioni, niko Sagalla kulipiga tangi plasta.

Labda Jumanne, wakinipa kitabu.