Kuku Watatu wa Sikukuu ya Shukrani

Jumatatu, 24 Novemba
Ujumbe wa Dan asubuhi. Sikukuu ya Shukrani ya kwao Marekani ni Alhamisi, lakini hapa Brussels siku hiyo watu wako kazini. Basi tutakula Jumamosi mchana kwa Lina, Saint-Josse. Mwaka wa tatu sasa, sisi wanne, tangu tulipoanza shahada ya uzamili pamoja. Bon, vizuri.

Kisha mstari wa mwisho: kila mmoja aje na tasnifu yake iliyojalidiwa, tupige picha, maana sote tumemaliza.

Sote! Niliwaambia nimemaliza Septemba. Ukweli: nimekwama ukurasa wa thelathini na moja tangu Februari.

Nikiri? Kamwe. Nitapeleka bata mzinga mkubwa kiasi kwamba hakuna atakayekumbuka vitabu.

Jumanne, 25 Novemba
Bucha, Molenbeek. Bata mzinga wa mwisho kaondoka saa moja kabla yangu. Muuza nyama akasema kamchukua bwana mmoja Mkongomani, mwenye miwani, skafu ya njano, adabu nyingi.

Bienaimé! Nani mwingine? Ni mtu wa Bukavu kama mimi, ila yeye tayari ameanza shahada ya uzamivu, anakaa Uccle penye miti, na kila mwaka bata mzinga ni wake.

Safari hii hanipati. Nimenunua kuku watatu. Kuku watatu wakishonwa vizuri ni bata mzinga mmoja.

Jumatano, 26 Novemba
Duka la kuchapisha. Kurasa thelathini na moja ni nyembamba mno, utadhani orodha ya vyakula vya mgahawa. Nikaagiza zichapwe mara nne, zijalidiwe pamoja. Jalada la buluu, jina langu kwa dhahabu. Rolande! Nikalishika kidogo.

Mwenye duka akauliza kama najua kwamba sura ya kwanza inarudi. Nikamjibu ni mbinu ya utafiti. Akanitakia heri.

Alhamisi, 27 Novemba
Siku ya kushona. Maman Fatuma, jirani yangu, mtu wa Bujumbura, kaniazima sindano ya magodoro. Akasimama mlangoni akitazama, mwisho akauliza kuku hawa walipata ajali gani. Nikasema ni mapishi ya Kimarekani. Akawapa pole Wamarekani.

Mnyama kakamilika. Ana mapaja sita. Nimemkata manne. Sasa anaheshimika.

Jumamosi, 29 Novemba
Nilimpeleka kwa metro, kafungwa shuka. Lina akamwingiza kwenye oveni bila swali. Rafiki wa kweli!

Bienaimé akafika na bata mzinga wake aliyekwisha kuchomwa, anang'aa kama kiatu cha harusi. Akamkata kwa madaha. Ndani: damu. Mbichi kabisa! Nilimhurumia kwa sekunde mbili.

Lina akafungua oveni. Uzi ulikuwa umeungua. Mnyama wangu kaachana vipande vitatu.

Kisha Dan, kwa adabu, akauliza kama amezaa.

Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Tukawala kuku wote watatu, mpaka mifupa. Bienaimé mwenyewe akaomba kuongezewa. Ushindi!

Ndipo Dan akatangaza kwamba kila mtu asome ukurasa wa shukrani katika tasnifu yake. Mimi sina ukurasa wa shukrani. Nikakimbilia kuosha vyombo. Bienaimé, kwa wema wake, akakifungua kitabu changu anisomee. Nikasikia kurasa zinageuzwa. Zinageuzwa tena.

“Rolande,” akasema polepole, “hii chapitre ya kwanza iko mara nne.”

Nikasema mbinu. Hakuna aliyecheka.

Basi nikasema. Kwamba tangu papa, baba yangu, alipofariki Bukavu, njia zimefungwa kwa vita, nisiweze kwenda kumzika, kila nikifungua ile kazi naifunga tena. Kwamba niliona haya kubaki nyuma yao.

“Na kila siku ulikuwa unatuambia ça va, mambo salama,” akasema Bienaimé. Sauti yake haikuwa na adabu hata kidogo. Ilikuwa ya kaka.

Lina akaweka ufunguo wake mezani. Akasema kuanzia Jumatatu niandikie pale, yeye yuko kazini mchana kutwa. Bienaimé atasoma kila ukurasa mpya. Dan atapika, Mungu atusaidie.

Nililia. Niliwaambia ni pilipili.

Jumapili, 30 Novemba
Maisha mapya! Kuanzia leo ukweli mtupu. Mtu mwenye marafiki kama hawa anahitaji uongo wa nini?

Saa kumi Lina akapiga simu, kuuliza kama leo nimejaribu hata sentensi moja. Nilikuwa kitandani, nala ndizi za kukaanga. Lakini sauti yake ilikuwa na matumaini mengi mno. Nikamwambia nimefika ukurasa wa arobaini.

Akapiga vigelegele. Akampa simu Dan, aliyekuwa pale kwake.

Nikamwambia Dan arobaini na tano.