Jibini Halina Maneno Mengi

Jumatatu, Desemba 2

Sijawahi kuonja jibini. Hata punje. Hakuna anayejua, hata Bibi Batuli, na Bibi anajua mpaka ninachoota. Naliandika hapa kwa sababu daftari hili halina mdomo.

Kisa chenyewe ni hiki. Mama Tupokigwe, mwenye kiwanda kidogo cha jibini kule Kihesa, anatafuta msichana mmoja aliyemaliza shule. Kazi ni kushuka chumba cha chini, chenye baridi na giza, kuyageuza mabonge ya jibini ubavu kwa ubavu, kuyafuta kwa maji ya chumvi, na kupanda juu. Siku nzima bila kuzungumza na mtu! Niliposikia hivyo nilikaribia kulia. Shuleni neno langu la kila siku lilikuwa "nipo", mwalimu akiita majina. Na siku nyingine hata hilo jirani yangu alinisemea.

Nikaandika barua ya maombi. Nikasema nimekula jibini tangu utotoni na naweza kutofautisha aina saba. Saba! Sijui kalamu ilipata wapi ujasiri huo.

Nikikosa, Baba ameshapitisha hukumu: Januari naenda Mbeya kwa shangazi Mwanakhamisi, kumsaidia kuuza vitenge Mwanjelwa. Shangazi humwita mteja akiwa bado ng'ambo ya barabara. Akifika humshika mkono. Anasema nami nitazoea. Nitakufa.

Leo jibu limekuja. Jumamosi jioni kuna kuonja jibini kwenye ukumbi mmoja wa Kihesa. Aina tano. Wamealikwa majirani na wateja. Waombaji wawili tutaonja mbele ya watu wote na kueleza tofauti. Kila mmoja aje na mzazi.

Mbele ya watu wote.

Mwombaji wa pili: Happy Kalinga.


Jumanne, Desemba 3

Happy nilikaa naye dawati moja miaka minne. Ndiye aliyekuwa akinisemea "nipo". Ukimwuliza saa, anaanzia saa ilikonunuliwa.

Leo kaja dukani kwetu Mlandege, tunakouza masufuria na mabeseni, akatangaza mbele ya wateja kwamba yeye jibini kaliona kwenye picha tu, na kwenye barua yake kaandika hivyohivyo. Mtu anaandikaje ukweli kwenye barua ya kazi? Akasema kasikia mimi ni bingwa. Aina saba! Akataka kujua nilikuwa nakula lini, chini ya dawati? Na mbona yeye nilikuwa namgawia mihogo tu? Mteja mmoja akacheka mpaka akaangusha mfuniko. Mimi nikapanga upya masufuria ambayo yalikuwa yamepangwa.

Akaniomba nimfundishe, shoga yake wa damu. Nikasema nitafikiri.

Mpango wa kwanza: kujitengenezea jibini langu. Simu ya Baba inasema maziwa, limau na kitambaa. Nimechemsha lita mbili Bibi akiwa anaswali Alasiri. Yakakatika vizuri kabisa. Nimeyafunga kwenye mtandio wa zamani, nikayatia kwenye sufuria yenye mfuniko, nikasukuma chini ya kitanda. Simu inasema jibini zuri linataka giza na muda. Giza lipo. Muda ni siku nne.

Najiamini mno.


Alhamisi, Desemba 5

Panya amekufa. Ndivyo anavyosema Baba. Tangu Fajiri anatoa vitu nje, magunia, viti, mpaka kabati la Bibi, akinusa kila pembe na kulalamika kwamba mvua hizi zinaingiza wanyama ndani. Nikamsaidia kutafuta. Nilitafuta kwa bidii sana, mbali na kitanda changu.

Saa nne Bibi akaingia chumbani kwangu na fagio. Akatoka na sufuria. Akaifunua uani. Paka wa jirani, ambaye hula hata sabuni, akaja mbio, akanusa, akaniangalia mimi usoni, akaondoka.

Bibi hakumwambia Baba. Kasema tu panya kapatikana. Kisha akaniambia pembeni kwamba maziwa yaliyoharibika hutupwa, hayafichwi, na kama nina njaa niseme.

Sikuonja. Naandika hili kwa uchungu. Lilikuwa jibini langu na sikuthubutu kulionja.


Ijumaa, Desemba 6

Mpango wa pili na wa tatu, kwa pamoja. Huu wa leo ni wa akili.

Mpango wa pili: Happy. Akifungua mdomo Jumamosi kila mtu atampenda, kama shuleni, kama kila mahali. Kwa hiyo nimekubali kumfundisha. Nimemwambia siri ya waonjaji wakubwa: hawasemi! Unanusa. Unafumba macho. Unatafuna mara ishirini. Unatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepokea barua kutoka mbali. Unakaa. Mwenye kusema ni mshamba.

Happy kaniuliza hata neno moja? Nikasema hata nusu. Akaniuliza na akitaka kusifia? Atikise kichwa mara mbili. Akanikumbatia. Akasema nina roho nzuri, kwamba mwingine angemdanganya.

Nilijisikia vibaya kwa muda mfupi.

Mpango wa tatu: maneno yangu. Nimetafuta kwenye simu wanavyosema wataalamu. "Ladha ya karanga." "Harufu ya ghala la nyasi kavu." "Chumvi inayochelewa." Nimeyaandika kwa kalamu ya bluu kwenye kiganja cha kushoto, mistari mitano, aina tano. Kesho nitayakoleza. Nitasoma, nitakaa, nitashuka chumba cha chini maisha yangu yote.


Jumamosi, Desemba 7

Naandika bado nina mtandio kichwani. Wacha nianze mwanzo.

Ukumbi ulijaa. Mama Tupokigwe, mama wa Rungwe mwenye sauti ya chini, alitaka watu wakae, waonje vipande vyembamba, walinganishe. Basi. Lakini kuna aliyemwambia kwamba shughuli haiwezi kukosa MC, akaletewa Liberatus, ambaye ni MC wa harusi zote za Kihesa. Liberatus alikuja na koti linalong'aa. Aliona meza kuu, vitambaa, wazazi wawili wa pande mbili, na katikati bonge kubwa la mviringo la jibini. Akalifunga utepe mwekundu.

Kosa la kwanza. Akatangaza kwamba hakuna atakayegusa chakula kabla ya kunawa, akatazama huku na huku akitafuta binti mdogo mwenye adabu. Nilikuwa nimeinama ili asinione. Akasema yule, aliyeinama, ndiye mwenye adabu.

Nikapewa jagi na beseni. Jagi mkono wa kulia. Beseni mkono wa kushoto. Watu sitini. Maji yalichuruzika, sabuni ikatereza, nami napiga goti, nanawisha, nanyanyuka. Nilipofika meza ya tano "ghala la nyasi kavu" lilikuwa limebaki "ghala". Mchungaji wa kina Happy alinawa maji yenye bluu kidogo. Akaniombea baraka.

Nilipoketi kiganja changu kilikuwa kisafi kuliko siku niliyozaliwa.

Matumaini yakabaki kwa Baba. Alisimama kuuliza kinachogandisha maziwa kimetoka kwa mnyama gani, na nani alimchinja. Nikaomba jibu liwe baya, tuondoke. Mama Tupokigwe akamwonyesha chupa, akasema ni dawa ya mimea. Baba akavaa miwani, akaisoma chupa mpaka mwisho, akasema basi, bismillahi.

Akaanza Happy. Jibini la kwanza: akanusa, akafumba macho, akatafuna. Ukumbi mzima ulihesabu. Ishirini. Akatikisa kichwa, akakaa. La pili vilevile. La tatu akatikisa mara mbili. Mama yake mzazi aliuliza kwa sauti kama mtoto anaumwa. Mpaka la nne, hakuna neno! Niliona mishipa ya shingo yake ikihangaika. Mpango wa pili, barabara!

Zamu yangu. Kiganja kitupu. La kwanza, bichi, laini. Nikasema ni jeupe. Liberatus akadaka: "Ni jeupe! Makofi kwake!" La pili linavutika, uzi ukaning'inia kutoka mdomoni hadi kwenye sahani, nami sikujua nani anapaswa kuachia kwanza. Nikasema linavutika, jambo ambalo wote walikuwa wanaliona. La tatu, moshi. La nne ni gumu kama sabuni ya mche. Nikasema gumu. Nyuma kuna mtu akauliza zile aina saba anaonja nani.

Nilishaanza kuona vitenge.

Ndipo Liberatus akaliendea lile bonge lenye utepe. Mama Tupokigwe akanyanyuka kusema kwamba hilo ni la miezi minane, lina ukungu wa bluu ndani, huonjwa mwisho, kidogo sana, kwa ncha ya kisu. Liberatus akamwomba mwenye shughuli akae astarehe. Kwake yeye kitu cha mviringo chenye utepe ni keki. Akaita wazazi mbele. Akaita muziki. Akanipa uma wenye kipande cha kumlisha mtu aliyetoka kufunga mwezi mzima.

Nikapiga goti mbele ya Baba, kama maharusi wanavyowalisha keki wazazi wao. Nikaonja ncha yake kwanza, harufu ikanifikia. Niliijua. Ni ile ya chini ya kitanda changu! Baba naye aliijua. Alitazama chini ya meza, akitafuta panya.

Liberatus akaniwekea kipaza sauti mdomoni. "Binti, usimlishe mzazi kitu asichokijua. Mwambie anakula nini!"

Sijui kilichotokea. Nilimwona Baba kafungua mdomo, mbele ya watu sitini, kwa kuniamini tu. Mdomo wangu nao ukafunguka. Nikamwambia kwamba lile la kwanza ni kama mtoto mchanga, halijapata tabu yoyote, lina maziwa tu. La pili ni shangazi Mwanakhamisi, likikushika halikuachii. Watu wakacheka, nikashtuka, nikaendelea. La moshi ni jiko la Bibi siku za mvua. La nne ni mwalimu wetu wa hisabati, halina huruma, lakini baadaye unagundua umelikumbuka. Na hili, Baba, ni wewe. Gumu kwa nje. Lina chumvi. Linanuka kama duka lililofungwa kutwa. Asiyekujua atakimbia. Akivumilia, katikati ni laini kuliko yote.

Baba akatafuna. Machozi yakamtoka. Jibini au maneno, sijui. Vigelegele! Happy naye akamlisha mama yake, akatikisa kichwa mara mbili. Mama Tupokigwe alikuwa anaandika kitu kwenye karatasi.

Tumerudi na kipande kwenye foili, zawadi ya Bibi. Bibi kafunua, kanusa, kasema yeye na harufu hii wameshawahi kuonana. Akanitazama. Nikaja kuandika.

Nimeshinda. Nina hakika. Happy hakusema hata neno moja!


Jumapili, Desemba 8

Mama Tupokigwe amekuja mwenyewe baada ya ibada. Bibi katoa chai na vitumbua. Nikakaa karibu na mlango, tayari kushukuru kwa kuinamisha kichwa.

Akasema hajapata kuona msichana kama Happy. Mtulivu. Mvumilivu. Anaweza kutafuna dakika nzima bila kuropoka. Chumba cha chini kinataka mtu wa namna hiyo hasa. Amempa.

Happy! Mtulivu!

Kisha akanigeukia. Akasema kipaji changu kingeozea kule gizani. Mwezi wa kwanza anafungua duka la jibini Mbeya, na watu wa Mbeya hawalijui bado, wanahitaji mtu wa kuwaita, kuwaonjesha, kuwaeleza kutwa nzima kama nilivyoeleza jana. Duka liko Mwanjelwa. Tena bahati iliyoje, Baba kamwambia ana dada yake palepale! Nitalala kwa shangazi.

Baba kampigia shangazi simu papo hapo. Sikuhitaji kipaza sauti kumsikia. Kasema jioni nikishamaliza jibini nitamsaidia vitenge.

Baba kaniambia, bila kunitazama, kwamba hajui binti yake alikuwa kaficha wapi maneno yote yale. Kisha kaenda kuhesabu mifuniko. Maneno yenyewe? Nilikuwa nimeyamaliza.

Alasiri kaja Happy. Kaongea saa mbili kunishukuru. Kasema atamwambia kila mtu nani alimfundisha. Kisha akaniuliza, kwa kuwa mimi ni bingwa, afanyeje kule chini ili asiharibu.

Na hapo, ewe daftari, nikapata mpango. Ni mzuri kuliko yote iliyopita.

Nimemwambia jibini hukomaa vizuri likizungumziwa. Kila bonge, asubuhi na jioni, kwa sauti. Akiimba ni bora zaidi. Macho yake yakang'aa. Mama Tupokigwe hatamvumilia wiki. Na mimi nimeamua kupoteza sauti. Nimeanza leo: wakati wa chakula nimejibu kwa mikono tu. Bibi kanitengenezea tangawizi kali na kunitazama nikiimaliza mpaka tone la mwisho. Itabidi tubadilishwe, yeye Mbeya, mimi chini. Haiwezi kushindikana.

Kama daftari hili limeangukia mikononi mwako, wewe unayesoma, nakuomba kwa heshima: usimwambie Happy, usimwambie Baba. Bibi usihangaike naye, nadhani anajua. Wangu mdomo nimeshaufunga. Funga na wako.