Kiti cha Nyuma cha Afande Nabifo

Jumatatu, 25 Agosti 2025

Habari kubwa! Jumamosi Shangazi anakwenda Mbale kwa pikipiki, na kiti cha nyuma hakina mtu.

Niandike kwa utaratibu. Shangazi yangu ni Sajenti Lillian Nabifo, askari magereza hapa Jinja. Kambi nzima humwita Afande Nabifo. Akiwasha pikipiki yake, hata kuku hujipanga mstari. Desemba yeye na wenzake watasafiri kwa pikipiki mpaka Karamoja, na wakubwa wamemwagiza atoe ushauri: inunuliwe GPS ya pikipiki, au ramani ya simu inatosha? Majaribio ni Jumamosi, siku tunayokwenda chini ya mlima wa Wanale, hukohuko Mbale, kula malewa (machipukizi ya mianzi) kwa Babu Yekosofati. Anataka msaidizi mmoja wa kukaa nyuma. Wengine watapanda basi na Mama.

Msaidizi huyo ni mimi. Shangazi bado hajajua tu.

Tatizo ni Ronnie. Ni mtoto wa dada yake Mama, kwao ni Nabuyonga, Mbale, na amekuja kwetu likizo na simu mpya na mdomo mpana. Kabla sijafungua kinywa alikwisha kusema kwamba simu ina kila kitu, na kwamba GPS ni ya watalii wazee. Mimi nikajibu kwa... sikujibu. Niliangalia viatu vyangu. Mbele ya watu sauti yangu hurudi ndani na kufunga mlango.

Nimekata shauri. Ikiwa Ronnie ni simu, mimi ni GPS.

Jumanne, 26 Agosti

Nilikwenda kwa Bwana Faraj, muuza redio na simu zilizotumika. Nilizunguka nje ya duka mpaka binti yake, Juwairiya, akatoka kuniuliza kama nimepotea. Nikamwambia hapana, natafuta kitu cha kuwasaidia waliopotea. Nadhani nilijibu vizuri. Yeye alicheka, lakini si kwa sababu hiyo.

GPS ipo! Nyeusi, nzito, kama kipande cha sabuni ya mche. Iliachwa na mtalii. Bwana Faraj ameniazima mpaka wiki ijayo, kwa sharti nimfundishe Juwairiya fizikia. Juwairiya akasema kwanza angependa kuhakikisha kwamba mwalimu anaweza kuongea.

Nimesoma kitabu cha maelekezo chote. Pamoja na kurasa za Kijerumani, ambazo sikuzielewa ila niliziheshimu. Sifa zake: inakubali vidole vyenye glovu. Haiogopi mvua. Haitumii data. Hakuna anayeipigia. Tumefanana sana.

Jumatano, 27 Agosti

Jaribio la kwanza! Shangazi alivuka daraja jipya la Nile na kurudi, kwanza na Ronnie na simu yake, halafu na mimi na GPS yangu.

Simu ya Ronnie ilianza vizuri, sikatai. Katikati ya safari Mama akapiga kukumbusha nyanya, na uso wa Mama ukafunika ramani yote. Halafu jua. Simu ikaandika kwamba imepata joto kupita kiasi, ikazimika. Ronnie alirudi akiipepea kwa kofia kama mgonjwa wa malaria. Nilifurahi kimyakimya, jinsi ninavyofurahi siku zote.

Zamu yangu. Loo, kukaa nyuma ya Shangazi juu ya Nile! Lori likatupita kwa kishindo na mgongo wake haukutikisika. Nilijiona salama kuliko nikiwa kitandani. GPS haikupata joto hata kidogo. Ila tulipofika katikati ya daraja, kioo chote kikawa buluu. Kwa mujibu wa ramani yake, hapo hapana daraja. Shangazi akaniuliza kwa sauti ya upole alichopanda ni pikipiki au mtumbwi.

Jioni nzima Ronnie amekuwa akiniuliza kama najua kuogelea. Ningemweleza kwamba GPS haikukosea, ilitengenezwa tu kabla ya daraja. Nimeandika hapa badala yake.

Alhamisi, 28 Agosti

Pigo! GPS inaongea Kiingereza tu, kwa sauti ya mwalimu mkuu aliyekosa chai. Ronnie naye ameweka simu yake Kiswahili. Akaijaribu asubuhi mezani. Simu ikasema, "Baada ya mita mia mbili, pinda kulia," na Shangazi, kikombe mkononi, akanyoosha mgongo na kusema, "Ndiyo afande!"

Mambo yako hivyo hapa kambini. Kimasaba ni cha nyumbani na misibani, Kiingereza ni cha kujaza fomu, lakini amri ni Kiswahili. Shangazi ametii Kiswahili maisha yake yote ya kazi. Ronnie alinitazama kama mtu ambaye tayari ameketi kwenye kile kiti.

Nimepata mbinu. Nitaizima sauti ya GPS. Sauti nitakuwa mimi!

Jioni nilikwenda migombani nyuma ya jiko kufanya mazoezi. "Pinda kushoto." Hata mgomba haukusikia. Nikajaribu tena. Mbuzi akainua kichwa. Nikafumba macho, nikamfikiria Shangazi kwenye gwaride, nikatoa yote: "PINDA KUSHOTO!" Koplo Mukama, jirani yetu, alikuwa akipita na ndoo ya maji. Akapinda kushoto. Alitembea mpaka ukutani ndipo akakumbuka kwamba kwake ni kulia.

Mimi ni hodari!

Ijumaa, 29 Agosti

Hukumu imetoka. Shangazi amesema kila chombo kina sifa zake, kwa hiyo vyote viwili vinakwenda. Simu itafungwa kwenye usukani. GPS itakaa nyuma, mikononi mwangu.

Ronnie alishangilia mpaka alipoelewa. Inayokwenda ni simu. Yeye atapanda basi na Mama na jogoo wa kumpelekea Babu. Akauliza simu itaendaje bila mwenyewe. Shangazi akamwambia mbona simu yenyewe haijalalamika?

Kisha Shangazi akanipa sheria moja ya kazini kwao. Mwenye ramani ndiye kiongozi, hata kama nyuma yake yuko mkubwa wa wakubwa. Hakuna kumsahihisha. Anaongoza mpaka mwenyewe atamke kwa sauti, "Nimepotea." Nikajibu ndiyo afande.

Sheria nzuri. Neno hilo mimi sitalihitaji.

Jumamosi, 30 Agosti

Siku ndefu! Niandike tu.

Iganga, salama. Tirinyi, salama, upepo mtamu, Shangazi akiimba ndani ya helmeti. Budaka, mvua. Matone yakaanza kubonyeza kioo cha simu. Simu ikatuelekeza Soroti. Halafu ikampigia mwalimu wa hesabu wa Ronnie. Shangazi akamsalimu mwalimu, akaomba radhi, akaifunika simu kwa kaveera, mfuko wa plastiki wa nyanya. Ikanyamaza. Uwanja wote ukawa wangu!

Tulipoingia Mbale, GPS ikanionyesha njia ya mkato kupitia eneo la viwanda. Nikaagiza. Sauti ikatoka kama ya migombani! "Pinda kushoto!" Ndiyo afande! "Pinda kulia!" Ndiyo afande! Tukaingia ndani ya uwanja wa kinu cha mahindi. Kwa mujibu wa GPS, barabara inapita katikati ya ukuta.

Nikaagiza tugeuke. Tukapinda, tukapinda, tukaingia tena uwanja uleule. Mara ya kwanza mlinzi alipiga saluti alipoona koti la kazi la Shangazi. Mara ya pili akauliza kama tumekuja kukagua. Mara ya tatu alikuwa amemwita meneja, naye alikuwa amefunga vifungo vyote vya shati na kusimama wima kando ya magunia.

Shangazi hakusema neno ila ndiyo afande. Na juu ya ukuta ule, mlima wa Wanale umejaza anga nzima, na maporomoko yake meupe! Shangazi alizaliwa chini ya mlima huo. Malewa yalikuwa yanapoa. Basi la Mama lilikwisha kufika.

Nikanong'ona, "Nimepotea." Akasema injini inapiga kelele, hajasikia.

"NIMEPOTEA, AFANDE!" Kinu kizima kilisikia. Meneja akapiga saluti.

Shangazi akaelekeza kidole mlimani, akanyonga mafuta, na muda mfupi tukawa uani kwa Babu. Ronnie alikuwa amekula fungu langu la malewa. Akawa anaanza kunicheka, Shangazi akamkata. Akawaambia watu wote kwamba aliwahi kuongozwa na mkubwa mmoja aliyekataa kutamka neno hilo siku mbili, mpaka wakala embe mbichi. Mimi nimelitamka siku ya kwanza, na kwa sauti nzuri. Ushauri wake kwa wakubwa: GPS mpya yenye ramani mpya, simu ikae mfukoni kama akiba, na anayekaa nyuma afundishwe neno hilo mapema. Kisha akanimegea malewa kutoka sahani yake. Hakuna mtu kama Shangazi duniani.

Kumbe mtikisiko wa usukani umeharibu kamera ya simu ya Ronnie. Katika picha ya familia, Babu ana macho manne.

Jumapili, 31 Agosti

Naandika haraka, injini imeshawashwa.

Nimetafakari kanisani. Kosa la jana halikuwa langu. Vyombo viwili vikibishana, kinatakiwa cha tatu cha kuamua. Nitamwona Bwana Faraj.

Ronnie amebaki kwao na simu yake. Shangazi ameuliza, huku akivaa glovu, nani ataongoza njia ya kurudi Jinja. Barabara ni ileile moja. Lakini mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza, na sauti ikatoka yenyewe!

Nimekwisha kuona njia ya mkato. Haipiti kwenye ukuta wowote, nimehakikisha. GPS inaonyesha kipande kirefu ambacho ni buluu tupu, lakini sina wasiwasi. Tangu Jumatano najua: buluu maana yake ni daraja jipya.